Mwanafunzi wa biashara apimwe kwa daftari la kweli

Kila muhula vijana wenye bahasha za kaki hupita duka kwa duka hapa Ahero wakiomba nafasi ya mafunzo ya nyanjani. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo, karatasi ya bima na kijitabu cha kumbukumbu ambacho mwenye biashara hukitia sahihi kila wiki mpaka miezi mitatu iishe. Wengine wanasomea uhasibu, wengine usimamizi wa biashara, wengine ununuzi na ugavi. Mimi huuza mchele kwa jumla, na kabla ya kufungua duka nilikuwa mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga. Huwapokea kila ninapoweza, kwa kuwa nami nilipokewa nikiwa sijui hata kupanga stakabadhi.

Ni watoto wenye bidii. Hufika mapema, husalimu wateja kwa heshima, na matokeo yao ya chuoni mara nyingi ni mazuri. Ndiyo maana nasema kasoro haiko kwao, iko katika namna tunavyowapima. Mtihani wa chuo cha biashara humpa mtahiniwa takwimu zote zikiwa zimepangwa na kuhakikiwa, na tarehe ya kufunga hesabu imeandikwa juu ya swali. Dukani hakuna anayekupa takwimu. Kuzitafuta ni nusu ya kazi, na nusu hiyo sijaiona ikiulizwa katika karatasi yoyote ambayo vijana hawa wamewahi kunionyesha.

Chukua mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Maji yalipofunika nyanda zetu za Kano, baadhi ya magunia yangu ya mpunga yalilowa. Nilikuwa na mwanafunzi wa stashahada ya uhasibu, kijana makini sana. Nikamwuliza, "Nyathina, haya magunia tutayaandika kwa bei gani?" Akajibu bila kusita kwamba bidhaa zilizomo ghalani huthaminiwa kwa gharama yake au kwa thamani halisi ya kuuzika, ile iliyo ndogo. Jibu sahihi kabisa. Ndivyo kinavyoagiza kiwango namba 2 cha kimataifa cha uhasibu. Nikamwambia, "Haya basi, nithaminie." Akanyamaza. Alikuwa akisubiri nimpe takwimu.

Thamani ile haikuwa imeandikwa popote. Mpunga uliolowa ukianikwa upya kwenye turubai hukauka, lakini punje huingia umanjano na nyufa za ndani, na mpunga ukifika kwenye mashine, punje nyingi hukatika zikawa chenga. Mchele mzima una bei yake, chenga ina bei yake, pumba nayo ina wanunuzi wake. Kwa hiyo ilimpasa aende kwenye mashine ya kukoboa, aulize mpunga wa hali ile hutoa kilo ngapi za mzima na ngapi za chenga, achukue bei za siku ile, kisha aondoe ada ya kukoboa, ujira wa waanikaji na nauli ya mkokoteni. Hapo ndipo kanuni aliyoikariri ingekuwa na kitu cha kushika. Nikamtuma. Alirudi jioni kurasa zimejaa maandishi, na kiasi alichokadiria kilikaribia sana bei niliyouzia baadaye. Uwezo alikuwa nao tangu mwanzo, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kumtaka autoe.

Kuna jambo jingine la kila siku. Mama wengi wanaouza mchele kando ya barabara hapa, kwa gorogoro, hupokea malipo kwa laini ile ile wanayolipia karo na michango ya chama cha akiba. Mpe mwanafunzi taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima ya mama kama huyo, umwombe akuonyeshe mauzo. Wengi hujumlisha safu ya pesa zilizoingia, wakakuletea jumla. Lakini katika safu hiyo hiyo mna pesa za Fuliza, mkopo ulioanza mwaka 2019 kwa ajili ya mtu aliyeishiwa na salio. Mna pesa alizotumiwa na mwanawe aliye Nairobi. Mna mgao wake wa chama, zamu yake ilipofika. Zote zikihesabiwa kuwa mauzo, mama anayeishi kwa kukopa anaonekana tajiri, na mkopeshaji akiziamini hesabu hizo atamwongezea deni juu ya deni. Swali hili lingeweza kuwekwa katika mtihani wowote nchini: kurasa nne za taarifa, majina yamefichwa, na agizo la mstari mmoja kwamba mtahiniwa atenganishe pesa za biashara na za nyumba.

Daftari la madeni nalo ni somo zima. Langu limejaa wadaiwa wanaoitwa "nyar Nyakach", "mama chapati wa pili" na "jaboda wa stendi". Mwanafunzi mmoja alikataa kuandaa orodha ya wadaiwa mpaka apewe majina kamili na namba za vitambulisho. Nilimwelewa, kwa sababu vitabuni wadaiwa wote wana majina mawili. Lakini karani wa kweli angeketi nami jioni aniulize nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hungoja mavuno, na nani amehama. Deni la aliyehama halifai kubaki kwenye hesabu kana kwamba pesa ziko njiani.

Haya yote serikali haikuyapuuza. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 iliunda baraza la TVET CDACC, liandae mitaala, lipime na litoe vyeti kwa msingi wa umahiri. Chini ya mfumo huo mwanafunzi hutakiwa kuonyesha kwamba kazi anaiweza, na asipoiweza huandikwa kuwa bado hajafikia umahiri. Hukusanya jalada la ushahidi wa kazi alizofanya, na viwango anavyopimwa navyo huandaliwa pamoja na watu walio kazini. KASNEB nayo, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969 na inayotahini wahasibu wa CPA, iliingiza katika mtaala wake wa 2021 karatasi ya uchanganuzi wa data inayofanywa kwenye kompyuta. Huko Marekani, AACSB, shirika lililoanzishwa mwaka 1916 ambalo huidhinisha vyuo vya biashara, lilibadili viwango vyake mwaka 2003 likavitaka vyuo vilete ushahidi wa kile wanafunzi walichojifunza. Kuorodhesha masomo yaliyofundishwa hakukutosha tena.

Nia, basi, ni njema. Shida ni kwamba inapofika huku kwetu imeshageuka kuwa fomu.

Simama kwenye saiba yoyote hapa mjini wiki ya kukusanya majalada. Utawakuta vijana wamepanga foleni kuchapisha na kufunga vitabu vinene kwa pesa walizotumiwa za chakula. Ndani mna picha ya mwanafunzi ameketi mbele ya kompyuta. Mna mpango wa biashara wa saluni ambao nimeuona zaidi ya mara moja, jina la saluni limebadilishwa lakini mji umebaki ule ule wa mwandishi wa kwanza. Mna kurasa zenye mihuri. Anayelikagua jalada ana mengine mengi mezani, kwa hiyo hutazama kama kila ukurasa una sahihi. Mimi mwenyewe nimeletewa kijitabu cha wiki kumi na mbili niombwe nikisaini chote kwa mpigo, cha kijana aliyeonekana dukani wiki za mwanzo tu. Nilikataa. Mkufunzi aliyenipigia simu baadaye hakuuliza kijana yule anajua nini. Aliuliza kama duka langu lina mhuri.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu najua nani hulipa karani akikosea. Mradi wa unyunyizaji wa Ahero ulianzishwa mwaka 1969, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliopata mashamba. Maji yetu husukumwa kwa pampu za umeme kutoka Mto Nyando, tofauti na Mwea ambako hutiririka yenyewe mferejini, kwa hiyo gharama ya maji imekuwa ikimwandama mkulima wa Ahero tangu mwanzo. Enzi hizo mkulima alipeleka mpunga kwa mradi, gharama za kulimiwa, za maji, za mbegu na za mbolea zikakatwa, naye akapewa kilichobaki pamoja na karatasi ya makato. Baba hakuvuka darasa la nne. Lakini karatasi ile aliisoma mstari kwa mstari kwa mwanga wa koroboi, akilinganisha na daftari lake la shule alimoandika kila gunia lililotoka shambani. Nami niliketi kando yake nikimsomea tarakimu. Nilijua nikiwa mdogo kwamba kalamu ya karani ikiteleza mstari mmoja, kuna mtoto atakayekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Vijana tunaowatunukia stashahada leo ndio makarani wa kesho wa vyama vya ushirika, SACCO, zahanati na ofisi za kaunti. Fikiria jambo moja tu ambalo kila karani wa mpunga lazima alijue. Mpunga ukitoka shambani una maji mengi, na mashine huutaka ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 14. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa mpaka asilimia 14, hubaki na kilo 93 hivi. Kilo saba zilizopungua ni maji yaliyoondoka na jua. Karani asiyelijua hilo akifunga hesabu ya ghala ataona upungufu, na upungufu hutafutiwa mtu. Nimeshuhudia mtunza ghala mwaminifu akiandikiwa barua ya kujieleza kwa ajili ya maji. Aliyeandika barua ile alikuwa na cheti kizuri, na hesabu ya asilimia aliijua vizuri. Hakujua kwamba inamhusu.

Kwa nini fundi wa ujenzi tumpime vizuri kuliko karani? NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ina kituo chake Kisumu na huwapima mafundi kwa madaraja matatu. Mwashi huja na mwiko, akapewa mchoro, akajenga mbele ya mtahini kwa muda uliowekwa. Timazi ikionyesha ukuta umepinda, hakuna insha itakayounyoosha. Hesabu za biashara nazo zina timazi yake: pesa za droo zilingane na kitabu, mchele wa ghalani ulingane na rejista, salio la M-Pesa lilingane na lililoandikwa. Kinachokosekana ni mtahini kuwapo pale linganisho linapofanywa.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao kubwa naiheshimu. Karatasi ya mtihani wa kitaifa ina haki ambayo sitaki tuipoteze. Swali analopewa mtoto wa Ahero ndilo analopewa wa Nairobi, na anayesahihisha hajui baba yake ni nani. Huku kwetu tunajuana. Upimaji wa ana kwa ana ukiachwa mikononi mwa chuo na mwenye duka peke yao, mtoto wa rafiki atapita na mtoto wa mjane atasubiri. Kwa sababu hiyo sisemi karatasi ifutwe. Ibaki, ipime kanuni, na kando yake kuwe na kazi halisi inayopimwa na watu wawili wasiotoka nyumba moja: mtahini kutoka chuo kingine, na mfanyabiashara ambaye mwanafunzi hakufanya mafunzo kwake. Wote wawili waandike wanachokiona kabla ya kuzungumza.

Hoja ya pesa nayo husemwa, kwamba mkufunzi ana darasa kubwa na chuo hakina nauli ya kumzungusha kaunti baada ya kaunti. Ni kweli kwa mwanafunzi aliyepelekwa Homa Bay au Siaya. Lakini chuo kilicho mjini kinaweza kuanza na maduka yanayofikika kwa miguu. Soko la Ahero lina wauza mchele, wauza mitumba, maduka ya dawa za mifugo, wenye mashine, wauza samaki kutoka ziwani na mawakala wa M-Pesa. Kila mmoja ana daftari, na kila daftari lina vurugu ya kutosha kumpima mtu. Pesa zinazomwagwa kwenye majalada yasiyosomwa zingetosha nauli nyingi.

Siri za biashara? Hilo ni jepesi. Hubadilishwa majina, taarifa zikachukuliwa za miezi iliyopita, na mwanafunzi akatia sahihi kwamba hatatoa nje alichokiona. Wahasibu wa kweli hufanya hivyo kila siku, na ni vyema kijana aanze kubeba siri ya mtu mapema.

Nimefikiri sana pia kuhusu mama zetu wa kando ya barabara. Wengi hawana cheti chochote, lakini muulize mmoja wao gunia la mpunga aliloliona asubuhi litatoa gorogoro ngapi, atalitia mkono ndani, atazitafuna punje mbili tatu, akutajie kiasi ambacho mashine itakithibitisha. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili mtu kama huyo apimwe na kupewa cheti cha kile anachokijua. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini angalia inachodai: ili kumpima mama huyu, mtahini lazima aje sokoni, amtazame akinunua, akikausha, akikoboa, akiuza na kukusanya madeni. Hana karatasi ya kuonyesha, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo itakayotazamwa. Mtahini akiwa tayari kuja kwa ajili yake, kijana wa chuo aketi naye siku hiyo hiyo, apimwe kwa kazi ile ile. Nina hakika wangefundishana. Mama angeonyeshwa namna ya kutenga Fuliza na mauzo, naye kijana angejua kwa nini bei ya chenga hupanda shule zinapofunguliwa.

Siku ya kupimwa ningependa iende hivi. Mwanafunzi anapewa daftari la madeni, taarifa ya M-Pesa na stakabadhi za mashine za mwezi mmoja asubuhi, ndani ya duka linalouza. Anaruhusiwa kumwuliza mwenye duka chochote, kwenda kwenye mashine, kupiga simu. Mtahini anaandika maswali aliyouliza, kwa sababu maswali hayo yanaonyesha ujuzi kuliko jumla atakayoleta. Alasiri analeta faida au hasara, anasema ni takwimu zipi anazo uhakika nazo na zipi amekadiria, na kwa nini. Kisha mwenye duka naye anamwuliza lake. Mimi ningeuliza hili: wakulima wengi wanaoniuzia mpunga hawajasajiliwa kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, na tangu Januari 2024 mamlaka ya mapato, KRA, hudai ankara za mfumo huo kwa gharama nyingi za biashara, nifanyeje ili ununuzi wangu ukubalike? Sitarajii ajibu papo hapo. Nataka nione anaanzia wapi kutafuta.

Vyuo pia vitueleze wahitimu wao wako wapi. Vyuo vingi hubandika mabango ya waliofaulu. Bango la waliofanya kazi mwaka mzima, na la kazi gani, bado sijaliona likibandikwa hapa. Simu kwa kila mhitimu mara moja kwa mwaka, na nyingine kwa aliyemwajiri, haihitaji bajeti kubwa. Majibu yatakuwa machungu mwanzoni, lakini mkufunzi atajua ni somo gani la kurudia.

Kwa upande wangu niko tayari muhula ujao kutoa daftari langu, majina yakiwa yamebadilishwa, kwa chuo chochote cha karibu kitakachotaka kujaribu. Nimezungumza na mwenye mashine ya kukoboa na mama wa duka la pembejeo, nao wamekubali. Wakati mzuri ni wa mavuno, mpunga unapoingia kwa wingi na bei kubadilika kabla ya chakula cha mchana. Tunachohitaji kutoka chuoni ni mtahini atakayekaa nasi mpaka droo ifungwe saa kumi na mbili jioni, na sehemu katika fomu ya alama ambayo sisi wenye maduka tutaiandika kwa mkono wetu.